Gundi ya stika kwenye gari: kwa nini thina iliharibu mlango mmoja na kuiacha mitatu

Mwezi uliopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulifungua simu ili madereva wa hapa Mwanza watueleze kero zao. Tulitegemea kusikia habari za mashimo na foleni ya Buzuruga. Simu ya nne ikaja na jambo ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo: stika.

Aliyepiga ni kijana anayeendesha gari dogo la abiria. Gari ni la tajiri, yeye anapeleka hesabu kila jioni. Milango yote minne ilikuwa na stika kubwa za tangazo. Mkataba wa tangazo ulipokwisha, tajiri akamwambia azitoe. Akazibandua kwa kucha. Plastiki ikatoka, gundi ikabaki. Baada ya siku mbili vumbi lilikuwa limeshika kwenye gundi hiyo kiasi kwamba tangazo likaanza kusomeka tena, safari hii kwa rangi ya udongo.

Jirani yake akamshauri atumie thina. Akalowesha kitambaa, akasugua. Mlango wa kwanza, gundi ikatoka. Wa pili ikatoka. Wa tatu ikatoka, ingawa mng'ao ulipungua kidogo. Alipofika mlango wa nne, ule wa nyuma kulia, rangi ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, kisha ikatoka pamoja na kitambaa.

Tajiri akataka mlango upakwe rangi upya, na gharama ilipwe na dereva. Kwa mtu anayeishi kwa kinachobaki baada ya hesabu, huo ni mzigo wa wiki kadhaa. Lakini kilichomfanya atupigie hakikuwa deni peke yake. Alitaka jibu: "Jamani, thina ni ileile, mkono ni uleule, gari ni lilelile. Kwa nini mlango mmoja tu?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulilitafuta, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Humu tunaeleza pia namna ya kutoa gundi bila kuharibu rangi, kwa vitu ambavyo vingi tayari viko nyumbani kwako.

Rangi ya gari si kitu kimoja

Tulimpeleka kijana huyo pamoja na gari lake kwa fundi rangi mmoja wa Nyakato, mtu ambaye kazi hii ameifanya tangu wengi wetu tukiwa shule ya msingi. Hakugusa mlango ulioharibika. Aliufungua, akainama, akatuonyesha mpira unaozunguka kioo. Pembeni mwa mpira kulikuwa na chembe ndogo za rangi ya gari. Akaufungua mlango wa mbele. Mpira wake ulikuwa mweusi, safi.

Maana yake ni kwamba mlango wa nyuma ulishawahi kupakwa rangi mtaani, na aliyepaka hakuufunika mpira vizuri. Huenda gari liligongwa miaka ya nyuma. Tajiri mwenyewe alilinunua kwa mtu mwingine na hakuwa na habari hiyo. Thina haikuumba tatizo jipya katika mlango ule, ila ilifichua siri iliyokuwepo.

Ili tuelewe, tuanze na rangi ya kiwandani. Gari linapotengenezwa, bati hupewa tabaka kadhaa. La kwanza huzuia kutu. La pili husawazisha. La tatu ndilo lenye rangi tunayoiona. Juu yake kwa kawaida kuna tabaka la nne lisilo na rangi, kama kioo chembamba, ambalo ndilo linalong'aa na kukinga jua. Baada ya hapo bodi huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 140 hivi, kabla ya viti, mipira na plastiki kufungwa. Joto hilo hufanya chembe za rangi zishikamane moja kwa moja, zisiweze kurudi kuwa majimaji tena.

Gari likishakamilika huwezi kulirudisha kwenye tanuri la namna hiyo, plastiki zingeharibika. Kwa hiyo mafundi wana njia nyingine mbili. Moja ni rangi ya 2K, inayochanganywa na dawa ya kuigumisha. Hii nayo hushikamana kwa kemikali na kuwa ngumu. Nyingine ni rangi ya NC, ambayo hukauka kwa sababu tu thina iliyochanganywa nayo imeruka hewani. NC ni rahisi, hukauka haraka, na ndiyo maana hutumika sana kwenye kazi za bei nafuu.

Fikiria tofali. Tofali bichi lililokaushwa juani ni gumu, unaweza kulisimamia. Likinyeshewa mvua, linarudi kuwa udongo. Tofali la kuchoma likinyeshewa linalowa tu, halirudi. Rangi ya kiwandani na ile ya 2K iliyokomaa ni tofali la kuchoma. Rangi ya NC ni tofali bichi, na mvua yake ni thina. Ukiipaka thina, unairudisha ilikotoka.

Hilo ndilo jibu la swali la kijana wetu. Milango mitatu ilikuwa ya tofali la kuchoma, mmoja ulikuwa wa tofali bichi.

Lakini usidhani kwamba rangi ya kiwandani haina wasiwasi. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni kati ya 100 na 150, na lile la juu linalong'aa ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu kwa wastani una mikroni 70. Kwa hiyo kinachokinga rangi ya gari lako ni chembamba kuliko unywele wako. Ukilisugua kwa kitu kikali, halirudi.

Gundi nayo inataka nini?

Gundi ya stika haikaushwi kama gundi ya mbao. Imetengenezwa ibaki laini na yenye kunata siku zote, ndiyo maana unabandika kwa kugandamiza tu. Jua likiipiga kwa miaka, mambo mawili hutokea. Plastiki ya stika hupoteza ulaini wake, inakauka na kukatika vipande vipande ukiivuta. Gundi nayo huzidi kushikamana na kuwa ngumu. Stika ya wiki mbili unaibandua kwa dakika moja, ya miaka mitano itakula mchana wako mzima.

Kosa letu wengi ni kudhani kwamba gundi hutolewa kwa nguvu. Nguvu haitofautishi gundi na rangi, hukwangua vyote. Gundi hutolewa kwa kulainishwa, na vitu vinavyoilainisha ni viwili: joto na mafuta. Ukivipa muda, kazi ya mkono inakuwa ndogo sana.

Kanuni ya kushika ni moja: anza na kitu kipole kuliko vyote, upande ngazi moja moja, na usimame pale gundi inapoanza kuachia. Hakuna sababu ya kupanda ngazi inayofuata kama hii uliyopo inafanya kazi.

Kabla ya kuanza: kagua na jaribu

Weka gari kwenye mwanga wa jua na ulitazame kwa ubavu. Je, mlango mmoja una rangi iliyopauka au kukolea tofauti na jirani yake? Je, uso wake una vijinundu kama ganda la chungwa ilhali mingine ni laini? Angalia mipira ya vioo na bolti za bawaba za milango. Chembe za rangi kwenye mpira, au bolti iliyochubuka rangi, ni dalili kwamba sehemu hiyo imeshafanyiwa kazi.

Kisha fanya jaribio. Chagua mahali pasipoonekana, kama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au chini kabisa ya mlango. Ila kumbuka kwamba kifuniko cha tangi kinaweza kuwa na rangi ya kiwandani wakati mlango hauna, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kilekile utakachokifanyia kazi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo kwa kitu unachotaka kutumia, pangusa mara chache, subiri dakika tano. Rangi ikionekana kwenye kitambaa, au ukigusa ukakuta pamelainika au pamefifia, acha. Kitu hicho si cha gari lako.

Kama rangi imepakwa karibuni, ngoja. Rangi mpya ya mtaani inahitaji angalau mwezi mmoja kukomaa kabla ya kuibandika kitu au kuipaka kemikali yoyote. Stika ikibandikwa juu ya rangi ambayo haijakomaa inaweza kuondoka nayo siku ya kuibandua.

Hatua kwa hatua

Tulipomaliza na kijana tulijitazama wenyewe. Gari letu la matangazo ya nje lilikuwa bado na stika za kipindi ambacho hakipo tena hewani, tumeahirisha kuzitoa kwa zaidi ya mwaka. Tukaamua kufuata maelekezo yote kwa mikono yetu. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, osha gari. Hatua hii watu wengi huiruka. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Mwaga maji mengi, kisha osha kwa sabuni ya maji isiyo kali, suuza. Usitumie sabuni ya unga iliyo na chembe.

Pili, pasha joto. Tulitumia mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni. Ishike umbali wa kiganja kimoja na uisogeze muda wote, usiilenge mahali pamoja. Kipimo ni mkono wako: gusa bati kwa mgongo wa kiganja. Liwe la moto lakini mkono uvumilie. Kama mkono hauvumilii, umezidisha. Kama huna mashine au umeme umekatika, lowesha taulo kwenye maji ya moto, likamue, lilaze juu ya stika kwa dakika mbili tatu, rudia. Usimwage maji yanayochemka moja kwa moja kwenye gari, hasa karibu na kioo, kwani kioo baridi kinaweza kupasuka.

Jua letu nalo ni mtumishi mzuri. Acha gari juani kwa saa moja ili gundi ilainike, bandua stika, kisha lihamishie kivulini kabla ya kutumia mafuta au kimiminika chochote. Juani vimiminika hukauka kabla ya kufanya kazi na kuacha madoa.

Tatu, bandua polepole. Inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, kisha vuta stika ikirudi juu ya mgongo wake mwenyewe, taratibu, huku ukiendelea kupasha joto mbele yake. Ukiivuta kwa ghafla itakatika, na gundi yote itabaki.

Nne, ondoa gundi nene kwa plastiki. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake inafaa sana. Ifunge kwa kitambaa laini cha pamba, kama kipande cha fulana, lowesha kwa maji yenye sabuni, sukuma gundi ikiwa bado ina joto. Kwenye rangi usitumie wembe, kisu, bisibisi wala chuma cha kusugulia masufuria.

Tano, mafuta ya kula. Tulitumia mafuta ya alizeti. Yapake juu ya gundi iliyobaki, funika kwa karatasi laini ili yasichuruzike, ondoka. Kunywa chai. Baada ya dakika kumi na tano rudi, pangusa kwa kitambaa kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Gundi itaanza kujikusanya kuwa vijidonge vidogo. Rudia mara mbili au tatu ikibidi. Mafuta ya kula hayadhuru rangi yoyote ya gari, iwe ya tanuri au ya NC. Ubaya wake pekee ni kwamba ni ya taratibu.

Kwenye gari letu, hatua hizi tano zilimaliza kazi kwenye stika zote isipokuwa moja, iliyokuwa kwenye boneti, mahali panapopigwa na jua na joto la injini kila siku.

Sita, kwa gundi sugu tu. Hapa kuna tapentaini ya mafundi rangi wa nyumba, mafuta ya taa, au dawa ya kupuliza kama WD-40. Zote hulainisha gundi haraka kuliko mafuta ya kula, na zote ni pole kuliko thina na petroli. Lowesha kitambaa, si gari. Fanya eneo dogo la ukubwa wa kiganja, pangusa, na usiache kimiminika kikikaa juu ya rangi kwa zaidi ya dakika moja au mbili. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, na hakikisha hakuna jiko wala sigara karibu.

Kama bado kuna utando mwembamba unaonata, spiriti au sanitaiza ya mikono yenye kileo cha asilimia 70 huumaliza. Pangusa mara moja, kausha. Lakini spiriti usiitumie kwenye sehemu unayoshuku imepakwa NC. Hapo rudi kwenye mafuta ya kula na uvumilivu.

Saba, osha tena. Mafuta yakibaki yatakusanya vumbi, na utafikiri gundi imerudi. Sabuni, maji, kausha.

Nane, polishi na nta. Baada ya stika kutoka unaweza kuona alama ya umbo lake: chini yake rangi ni mpya, pembeni imepauka. Hiyo si gundi, usiisugue kwa hasira. Ni rangi iliyokingwa na jua miaka yote hiyo. Polishi ya magari itapunguza tofauti, na muda utamaliza sehemu iliyobaki. Kama gari lako halina tabaka lile la juu lisilo na rangi, kitambaa cha polishi kitachukua rangi kidogo. Hilo ni la kawaida, ila usizidishe. Malizia na nta ili kurudisha kinga iliyoondoka.

Vitu ambavyo visikaribie rangi ya gari lako

Thina tumeshaieleza. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ni ndugu yake wa karibu. Mafuta ya breki ni hatari zaidi ya watu wanavyodhani, maana huipukutisha hata rangi ya kiwandani yakiachwa juu yake. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, itafifisha mng'ao.

Petroli inahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayopendekezwa zaidi vijiweni, na kwa sababu tatizo lake kubwa si rangi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa kwetu kila saa ya siku ni joto la kutosha. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kupotea. Unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro, unasafiri hadi ukutane na moto. Tazama sehemu nyingi za kuoshea magari mjini: hatua chache pembeni kuna mama lishe na jiko lake la mkaa. Kopo la petroli lililoachwa wazi karibu na gari linaweza kuwasha moto ulioanzia mahali ambapo mwoshaji hakuwa hata anapatazama.

Mafuta ya taa hayawaki kirahisi namna hiyo kwa joto la kawaida, ila nayo huwaka, na kitambaa kilicholowa nayo huwaka upesi zaidi. Ukimaliza, vitambaa hivyo vitandaze nje vikauke mahali salama, usivirundike stoo.

Jambo la mwisho kuhusu vimiminika hivi: vingi huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Thina, tapentaini na spiriti vyote vinaonekana kama maji. Andika jina kwenye chupa, na iweke mahali mtoto hafiki. Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli au thina, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Kimiminika kikirudi juu kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwahishe hospitali, na chupa uichukue mkononi ili daktari ajue alichokunywa.

Sehemu ambazo si bati

Vioo ni habari nyingine. Kwenye kioo cha mbele, stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani zikirundikana unaweza kuzitoa kwa wembe, ilimradi kioo kimeloweshwa maji ya sabuni na wembe umelazwa. Kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kuondoa ukungu usikiguse kwa wembe upande wa ndani, utazikata. Kadhalika kioo chenye tinti, wembe hauingii upande ulio na tinti.

Taa za mbele za magari mengi ya siku hizi ni plastiki, ingawa zinaonekana kama kioo. Thina na asetoni huzipasua kwa nyufa ndogondogo na kuzifanya kuwa na ukungu ambao hautoki. Tumia sabuni, maji ya moto ya kiasi, na mafuta ya kula. Bampa nyeusi zisizopakwa rangi hunywa mafuta na kubaki na madoa, kwa hiyo hapo anza na joto na sabuni.

Nembo na vikinga mvua vya madirisha hubandikwa kwa gundi nene yenye sponji. Usivikongoe kwa bisibisi. Pasha joto, kisha chukua mshipi wa kuvulia samaki, uzungushe ncha kwenye vidole vya mikono yote miwili, upitishe nyuma ya nembo na ukate sponji kwa kuvuta huku na huku kama msumeno. Katika mji wa wavuvi, hiki ni kifaa ambacho hakuna wa kukikosa. Sponji inayobaki utaitoa kwa kidole gumba na mafuta.

Kwa magari ya harusi, ushauri wetu ni kuzuia. Riboni zifungwe kwenye vishikizo na vioo vya pembeni, na selotepu ikilazimu kutumika itolewe jioni ileile. Selotepu iliyoachwa hadi Jumatatu, juani, tayari imeshaanza kuwa kazi.

Kati ya dereva na tajiri

Turudi kwa kijana wetu. Baada ya fundi kuonyesha mpira wenye rangi, tajiri alikubali kwamba dereva hakuwa na namna ya kujua. Dereva naye alikubali kwamba alitumia kitu alichokisikia kijiweni bila kukijaribu pembeni kwanza. Wakakubaliana kugawana gharama, na sehemu ya dereva inaongezwa kidogo kidogo kwenye hesabu. Bado analipa.

Tunachojifunza hapo ni cha kabla ya kazi, si cha baada yake. Gari likiwa la mtu, zungukeni wote wawili kabla ya kugusa stika. Pigeni picha kila upande kwa simu. Sehemu inayoonekana kupakwa rangi, itajeni. Kubalianeni atumie nini na nani atalipa kikitokea kitu. Na ukipewa pesa ya kubandikwa tangazo kwenye gari, ulizia mapema ni nani atakayelitoa mkataba ukiisha. Wabandikaji wana vifaa vya kazi hiyo, na kwao ni kazi ya saa chache.

Gari letu sasa ni safi. Tulitumia mchana mmoja, nusu lita ya mafuta ya alizeti, kadi mbili za benki na fulana moja iliyokwisha kazi. Kilichobaki ni mikwaruzo mitatu kwenye mlango wa kushoto. Hiyo tuliiweka wenyewe miaka michache iliyopita, tulipobadilisha stika kwa haraka kwa kutumia wembe ili tuwahi matangazo ya uwanjani. Mafuta ya alizeti hayaitoi.